Kichwa cha Arokaria

Ijumaa nilirudisha sekateri ya kazi, mkasi wangu wa kupogolea, nikatia sahihi kwenye daftari, nikaagana na watu wote. Jumatatu asubuhi nilikuwa nimesimama tena kwenye lango la pepinieri, pale tunapootesha miche, nimevaa buti zangu, na mlinzi ananitazama kwa huruma. "Mama Zaina," akaniambia, "si ulishamaliza kazi?" Nikamjibu kwamba najua, nimepita tu kusalimia. Uongo mtupu. Miguu ilikuwa imenileta yenyewe. Injenia Esperance, mkuu wetu wa sasa, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanipa daftari jipya na kalamu. Akasema kama siwezi kukaa nyumbani bure, basi nikae niandike.

Haya, nimekaa. Ninyi wadogo zangu mnaonyunyiza maji kwenye vitalu nilivyoviacha, mishahara na vyeo tuviweke kando. Mishahara ilichelewa, na vyeo havijawahi kuotesha mche hata mmoja. Nitawaandikia juu ya arokaria, ndugu yake msonobari, ule mti unaopanda wima kama uzi wa fundi mwashi, na matawi yake yamekaa ghorofa juu ya ghorofa. Mnaupita kila siku mkienda kuchota maji. Hamjui ulivyonitesa.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na kikwembe kipya kiunoni, nikidhani nitapewa jembe. Mkubwa wa vitalu alikuwa Papa Lukasi, mtu wa Kibombo, mfupi, sauti kubwa kuliko mwili. Hakunipa kitu. Alinipeleka mbele ya miche miwili ya msonobari iliyokuwa kwenye makopo, akaukata mmoja ncha yake kwa ukucha, wa pili akauacha. "Utakuwa unakuja hapa kila asubuhi," akasema. "Unatizama. Halafu unanieleza kintu gani umeona."

Nilitizama wiki nzima, nikamwambia sijaona kitu. "Endelea." Wiki ya pili nikaanza kufikiri kwamba mzee huyu ananichezea, na shangazi yangu aliyenitafutia kazi alikuwa ameniuza. Wiki zilipozidi kwenda nikaona. Ule mche wenye ncha yake ulikuwa unapanda taratibu, vitawi vyake vimelala pembeni kwa adabu. Ule uliokatwa, vitawi vyake vitatu vya juu vilikuwa vimeanza kujikunja kuelekea juu, vinasukumana.

"Njo vile!" Papa Lukasi akapiga makofi. "Kichwa kikiwa hapo, matawi inaheshimu. Kichwa kikienda, kila tawi inajiona shefu, inajiona mukubwa. Haujaona nyumba ya marehemu?"

Ndipo akanieleza jambo ambalo nimelibeba maisha yangu yote ya kazi. Kwenye ncha changa ya mti, pale penye ulaini na kijani kibichi, mti unajipikia dawa yake wenyewe. Dawa hiyo inashuka ndani ya gamba kidogo kidogo, na kila chipukizi la chini inaliambia: wewe lala kwanza, wakati wako bado. Mainjenia wanaiita homoni. Papa Lukasi aliiita "mate ya kichwa". Shule ya msingi hakuimaliza, lakini ujanani alimbebea injenia mmoja vyombo vyake msituni miaka mingi, na masikio yake hayakuwa ya pambo.

Alinifundisha sekateri pia. Kuinoa kwa jiwe la mtoni, kukata kwa mshazari ili maji yasikae juu ya kidonda cha mti, na kuipangusa kwa lotoko kabla ya kila mti, maana pombe kali inaua ugonjwa. Yeye alikuwa Mkristo na mimi Mwislamu, kwa hiyo tuligawana: mimi nilishika sekateri, yeye alishika chupa. Chupa ile iliisha haraka kuliko kazi ilivyodai. Sikuuliza.

Arokaria wetu ulikuwa mmoja tu. Ulipandwa zamani kabla yetu sote, na mimi sijapata kuona mwingine, si Kibombo, si Kailo, wala huko Punia nilikotumwa mara mbili. Ulikuwa mti jike. Ulitoa mbegu, ndiyo, lakini mbegu hewa. Ukipasua unakuta utupu, kwa sababu dume halikuwepo karibu. Watu wakubwa walikuja kuutamani. Kila mmoja alitaka wake mbele ya nyumba yake, na kila mmoja aliambiwa hakuna.

Hapo njo kiburi kiliponipanda. Papa Lukasi alikwenda kwao Kibombo kwenye msiba, akakaa mwezi. Mimi nikajiambia: nitamshangaza huyu mzee. Kwenye kabati kulikuwa na kopo la unga wa homoni uliotoka ng'ambo, ule unaochovya kijiti ndani yake ili kitoe mizizi. Nikapanda ngazi, nikakata ncha za matawi ya pembeni, nikazichovya, nikazipanda. Mungu wangu, zilishika! Sikulala kwa furaha. Papa alirudi akazitazama, akaniuliza tu kama niliwauliza wakubwa, akasema tungoje. Sikungoja, nilikwisha kuwaahidi watu. Miche ikagawanywa: barabarani mbele ya ofisi, uani mwa msikiti, mbele ya nyumba ya tajiri mmoja wa mchele. Nilipongezwa hadharani, na kwa vile nilikuwa kijana nikajiona kweli.

Mwaka ulipopita, miti yangu haikusimama. Ilitambaa. Ilikwenda pembeni, imelala juu ya udongo, majani mazuri, afya nzuri, inatafuta njia ya kwenda kwa jirani. Tuliifunga kwenye vijiti. Ikifika mwisho wa kijiti inainama tena. Pale msikitini vijana walisema, "Miti ya Zaina inamcha Mungu kutushinda. Imesujudu tangu mwaka jana haijainuka." Niliona haya mpaka nikawa napitia njia ya nyuma kwenda sokoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilivunjika mbele ya mji mzima.

Papa Lukasi hakunigombeza. Alinishika mkono akanipeleka kwenye ule wa ofisini. "Gusa. Vitawi vyake viko pande ngapi?"

"Pande mbili," nikasema. Vilikuwa bapa, huku na huku.

"Tawi ni tawi. Ukilipanda mu udongo, litapata mizizi, litakula, litanenepa, lakini litabakia tawi mpaka kufa. Muti wa kusimama unatoka ku shina, na vitawi vyake vinazunguka pande zote. Na shina halitoi machipukizi kama kichwa kingali juu kinayaambia yalale."

"Basi tukate kichwa, Papa."

"Mara ngapi nimeomba?" Kweli aliomba. Mkuu wa wakati ule alimjibu kwamba atakayegusa kichwa cha mti ule atafute kazi mahali pengine. Mti ulikuwa sifa ya kituo. Wageni walipigwa picha chini yake. Kwa hiyo tulikaa nao, mmoja, jike, mkubwa, na siku utakapoanguka hakutakuwa na mwingine. Papa Lukasi jambo hilo lilimuuma kama jino. Likaanza kuniuma na mimi.

Kisha vita. Ninyi wengine mlizaliwa ndani yake, sitawafundisha. Treni ilikoma. Chumvi ilifika kwa baiskeli zilizosukumwa msituni siku na siku. Mkuu wa kituo aliondoka na wengi wakaondoka naye. Tulibaki mimi na Papa Lukasi, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alitambua mwanga na kivuli, sura hapana. Vitalu tulivipanda mboga, sombe na lenga-lenga, ili tule. Siombi msamaha kwa hilo.

Asubuhi moja waliingia watu wenye silaha, saba ama wanane, na shoka moja. Mkubwa wao alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu yake iliniogopesha kuliko bunduki. Akasimama chini ya arokaria akiangalia juu.

"Mama, muti huu tunauchukua. Tunahitaji mulingoti wa redio."

Nilimtazama Papa Lukasi, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, uso ameuelekeza kwenye sauti. Nikajua kwamba nikisema "hapana" wataukata na mimi pengine nitakatwa pia. Na nikajua jambo la pili: wataukatia chini, kwenye goti, kama mtu yeyote anavyokata mti, na shina litakalobaki litakuwa fupi, litazibwa na majani, litaoza.

"Chukueni, wanangu," nikasema. "Lakini pale chini msipige shoka. Mu muti ule muko fili. Zamani kulikuwa lupango, muti ukameza waya zote. Shoka yenu itavunjika."

Waya haikuwepo, wala ua wa lupango haukuwahi kuwepo. Mungu anisamehe, nilisema nikiwa nimekaza macho kabisa.

Yule kijana akamtazama mwenye shoka. Mwenye shoka akaitazama shoka yake, ambayo bila shaka ndiyo ilikuwa peke yake. "Waya inafika wapi?" akauliza.

"Inapita kichwa yangu," nikasema, nikainua mkono juu niwezavyo.

Walivingirisha pipa, wakapanda juu yake, wakakata pale nilipoonyesha. Ilichukua nusu ya siku. Mti ulipoanguka ardhi ilitikisika na mimi nikalia wazi wazi, wakadhani nalilia mti, kumbe nalia kwa faraja ya shina lililobaki. Papa Lukasi alingoja mpaka wameuburuta wote mpaka barabarani. Akaja akipapasa, akalikumbatia lile shina, nikampandisha juu ya pipa, akapapasa mpaka mkono ukafika mwisho wake.

"Umewadanganya," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Muzuri sana!" Akaanza kucheka, machozi yanamtoka. "Miaka yote niliomba ruhusa kwa barua. Kumbe ilikuwa inakuja na shoka."

Tulipaka udongo wa mfinyanzi kwenye kidonda, tukangoja. Kila asubuhi nilizunguka shina lile. Mvua za kwanza zilipita, hakuna. Nilianza kuamini kwamba uongo wangu ulikuwa wa bure. Halafu siku moja, chini kidogo ya ukingo, gamba likapasuka na kikatoka kitu cha kijani, hakifiki ukubwa wa punje ya mchele. Baadaye kingine. Kichwa kilikuwa kimeondoka na waliolala wameamka.

Machipukizi yalipofika urefu wa kiganja niliyakata mengi ya kwanza, na hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo nilipokosea mara ya pili. Unga wa homoni ulikuwa umeshika unyevu, umekuwa jiwe, umenuka. Nikapanda bila unga. Na kwa sababu kwenye miche mingine nilizoea kupunguza ncha ili isinyauke, nikazipunguza ncha zote. Nilifanya usafi wote, kivuli chote, maji yote. Yote yalioza.

Nilipomwambia Papa Lukasi, ndiyo mara pekee alinipandishia sauti. "Zaina! Umekata vichwa? Mate itatoka wapi sasa? Ule unga wa ng'ambo unaiga tu kile kichwa kinapika! Unga hauna, kichwa umetupa, mizizi itaitwa na nani?"

Niliketi chini kwenye matope. Nilijiona mjinga wa wajinga. Yale yaliyobaki kwenye shina yalikuwa tisa.

Niliyakata yote tisa, ncha zake nikaziacha, huku nimeshika pumzi. Mchanga wa mtoni niliuosha mara tatu. Kreti ya mbao, mchanga ndani, kipande cha bashi, yaani turubai, juu, makuti juu ya bashi. Wiki chache tu baadaye mapigano yakaingia mjini. Watu walikimbia kushika barabara ya Kailo, na sisi pia. Mume wangu alimbeba mtoto mgongoni na mchele kichwani. Wifi yangu Mwamini alibeba sufuria zote. Papa Lukasi alishika kamba iliyofungwa kiunoni mwangu. Na mimi nilibeba kreti.

"Zaina, una wazimu!" Mwamini alipiga kelele mbele ya watu. "Watu wanakimbia na chakula, weye unakimbia na mchanga!"

"Na vijiti," mume wangu akaongeza. "Usisahau vijiti."

Walikuwa na haki. Kreti ile ilikuwa nzito, ikanichubua kichwa, na mara mbili nilitaka kuitupa. Lakini nilikuwa nimemwona Papa Lukasi akilikumbatia shina. Singeweza kumwambia mzee asiyeona kwamba nimeitupa. Hiyo tu ndiyo iliyonibeba mpaka shambani kwa ndugu wa mume wangu, na tulikaa huko mpaka mpunga ukaiva. Maji ya kunywa tulichota mbali, na Mwamini akanikuta namwagilia mchanga kwa kikombe. Kesho yake alinichotea ndoo ya pili bila kuombwa, na tangu siku hiyo nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Viwili vilikufa. Saba vikabaki vya kijani, vimesimama tu, havifi wala havikui. Mpaka asubuhi moja nikaona kimoja kimetoa majani mapya juu, na chini ya majani hayo duara ya vitawi vidogo. Nilimvuta Papa Lukasi mkono nikauweka pale. Alikishika kwa vidole viwili polepole, akazunguka. Akazunguka tena.

"Pande zote," akasema.

"Pande zote, Papa."

"Huu hauko tawi." Akanishika mkono. "Zaina, huu ni muti."

Mimi nimepewa vyeti, vimo sandukuni. Sijawahi kupewa neno lingine kama lile. Mzee alifariki kabla treni haijarudi, na tulimzika akijua kwamba iko saba.

Ya amani sitaandika mengi. Miti saba ilipandwa, na ilisimama wima, na kila niliyempita njiani nilimwonyesha kwa kidole hata kama hakuuliza. Mmoja ulipigwa na radi, miwili ilikatwa na watu wanaojenga, mingine imebaki mahali pasipo na mtu wa kuitunza. Lile shina mama liliishiwa nguvu likaoza. Mmoja niliuacha hapa pepinieri, nikauzungushia mawe, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna mtu aliyeugusa bila mimi kujua.

Mnakumbuka mwaka huu Esperance alivyokuja kuniomba tuukate kichwa ili tupate machipukizi. Yote saba ni mapacha, alisema, yote jike, mbegu hazitakuja kamwe. Nilimjibu hapana. Aliomba tena mbele yenu, nikampandishia sauti, nikamwuliza alikuwa wapi nilipobeba kreti.

"Nilikuwa sijazaliwa, Mama," akasema kwa upole. "Lakini siku ile ulidanganya wale watu, ulikuwa unalinda muti, ao kizazi chake?"

Nilikasirika wiki nzima. Nyumbani nilimweleza mume wangu jinsi watoto wa shule walivyopoteza heshima. Akanisikiliza, akamaliza wali wake, akasema, "Zaina, umegeuka yule mkuu aliyekataa barua za Papa Lukasi." Nililala na neno hilo na niliamka nalo. Kweli, wageni walikuwa wanapigwa picha chini ya mti wangu.

Siku yangu ya mwisho ya kazi niliomba msumeno. Mlisimama pembeni, mmoja wenu akataka kunipokea, nikamkatalia. Nilipanda ngazi, nikafika juu ya urefu wa mtu, nikaweka msumeno kwa mshazari. Nilikata mwenyewe mpaka mwisho, nikashuka, nikaenda kunawa uso nyuma ya tangi la maji. Mliniona, na mlijifanya hamkuniona. Asanteni.

Miezi imepita tangu Jumatatu ile ya daftari, na juzi Esperance alinipigia simu, akasema nije, asiniambie kwa nini. Nilifika nikiwa nimekimbia nusu ya njia, na umri huu. Alinishikia ngazi. Chini ya ukingo, gamba lilikuwa limepasuka mahali sita, na katika kila mahali kulikuwa na kitu cha kijani kibichi, laini, kinang'aa unyevu. Nilinyoosha kidole nikishike kile kikubwa.

"Mama, hapana," Esperance akasema kutoka chini, kwa sauti ya mkubwa wa vitalu. "Bado. Usiguse."

Nikarudisha mkono, nikasema, "Ndiyo, shefu."